Dawa ya kumbukumbu: kutoka baraza la wazee Tarime mpaka chupa za kwenye basi

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya kusahau. Sisemei kusahau funguo au neno la siri la barua pepe, hayo ni yetu sisi vijana tunaolala saa nane usiku. Nasemea ule usahaulifu unaomfanya mzee aliyekuwa akijua ng'ombe wake wote kwa rangi aulize mara ya tatu, asubuhi hiyo hiyo, kama ng'ombe wameshatolewa zizini. Nasemea na vile vinavyoongozana nao: kununa, kukosa usingizi, kukataa chakula, kukaa peke yake nyuma ya nyumba akiangalia mlima.

Na nasemea biashara. Maana hii sasa ni biashara jamani. Panda basi la kutoka Mwanza kwenda Sirari. Kabla hamjafika Lamadi atasimama kijana mtanashati, tai shingoni, begi begani. Atawasalimu kwa jina la Bwana, atawauliza nani ana mzee nyumbani, halafu atatoa chupa. Humo mna ginkgo kutoka China, mlonge wa unga, manjano, na kitu kingine ambacho jina lake hata yeye linamtoa jasho. Kinasafisha mishipa ya ubongo, kinarudisha kumbukumbu, kinaondoa mawazo. Bei? Ya kuuza mbuzi. Na watu wananunua! Wananunua akina nani? Si wazee wenyewe. Ni sisi, tuliosoma, tunaoishi Dar, Mwanza na Arusha, tunaojisikia vibaya kwamba hatujaenda nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Tunampa konda kifurushi ashushe Tarime mjini au kwenye njia panda ya kwenda Mugumu, roho zetu zinatulia.

Sasa mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nikajiuliza: kabla ya chupa hii watu wa Mara walikuwa wanafanya nini na mzee anayesahau? Na chupa yenyewe imefikaje hapa? Tuanze mbali kidogo.

Kwa Wakurya wa Tarime, kumbukumbu ya mzee haikuwa pambo. Ilikuwa ofisi. Kila Mkurya anazaliwa ndani ya kizazi chenye jina, na majina hayo yanazunguka kama gurudumu: upande mmoja Abasai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamaina, upande wa pili Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Baba akiwa wa kizazi fulani, mtoto anaingia kinachofuata. Ukijua kizazi cha mtu unajua kama unaruhusiwa kumtania au unatakiwa kumheshimu kama baba yako, hata kama kiumri mmecheza pamoja. Hakuna aliyeandika haya kwenye daftari. Yalikaa vichwani mwa wazee. Juu yake kulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee lenye kazi ya kuilinda nchi kwa mila, na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo kesi za ng'ombe, mipaka na mahari zilisikilizwa. Ushahidi ulikuwa nini? Kumbukumbu. Nani alimpa nani ng'ombe wangapi, mbele ya nani, mwaka wa njaa ipi.

Hamia wilaya ya Serengeti, kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, utakuta jambo linalofanana lakini lenye sura yake. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa huko akisikiliza masimulizi yao, na mwaka 2007 akatoa kitabu kiitwacho Imagining Serengeti. Anachoonyesha ni kwamba wazee wale hawakuikumbuka historia kwa tarehe. Waliikumbuka kwa mahali. Kilima hiki, chemchemi ile, mti ule, boma la zamani lile. Mzee akitembea anasimulia, na mahali penyewe panamkumbusha sura inayofuata. Yaani nchi ndiyo ilikuwa daftari.

Halafu nchi ikachukuliwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, mipaka ikabadilishwa mwaka 1959. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye mahame yao na kuwapanga kwa mstari. Mwaka 1994 maeneo ya Ikorongo na Grumeti nayo yakapandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba. Sisemi hifadhi ni mbaya, mimi mwenyewe najivunia nyumbu wetu. Nasema tu kwamba kilima cha kumkumbusha mzee hadithi kilibaki upande ambao akikanyaga anakamatwa kama jangili. Na mizizi na magamba ya miti ambayo waganga walikuwa wanachimba yalibaki huko huko.

Maana miti ilikuwepo, tusijidanganye. Majirani Wamasai wana olkiloriti, mgunga ambao magamba yake huchemshwa kwenye supu, na morani wakinywa wanapata nguvu na ujasiri. Ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Kenya, watu wanatafuna mzizi wa mukombero na kukwambia unachangamsha. Mimea inayogusa hisia za mtu ni elimu ya siku nyingi ukanda huu. Na tuwe wakweli, Tarime ina mmea mwingine unaogusa hisia ambao polisi wanaufyeka na kuuchoma kila mara. Bangi ilijulikana bara kabla hatujawa na polisi wenyewe. Lakini kwa habari ya kumbukumbu, bangi haisaidii. Mvutaji anasahau sentensi aliyoianza, na hili halihitaji profesa.

Ila kuna tofauti moja kubwa kati ya mti wa mganga na chupa ya kwenye basi. Mganga alikuwa hatibu kichwa peke yake. Aliuliza ukoo: nani amegombana na nani, kuna deni gani halijalipwa, mzee amekosewa heshima wapi? Unaweza kucheka sehemu ya majibu yake, na baadhi yalileta madhara makubwa, nitafika huko. Lakini dawa ilikuja na watu. Ilibidi ukoo ukutane ndipo mizizi ichemshwe.

Mkoloni alipofika alikuta waganga na wachawi akawaweka kapu moja. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na mpaka leo sheria hiyo ipo kwenye vitabu vya sheria za Tanzania. Wamishenari wa Kimenoni nao waliingia Shirati mwaka 1934, wakati huo ikihesabika upande wa Tarime (leo ni wilaya ya Rorya, iliyozaliwa mwaka 2007), na baadaye hospitali yao ikawa kimbilio la watu wa pande zote. Hospitali ilileta sindano, ikaokoa watoto na wazazi wasio na idadi. Lakini mzee anayesahau hakuwa mgonjwa wa hospitali. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha. Alirudishwa nyumbani kwa maneno mawili: "ni uzee".

Baada ya uhuru serikali ikaanza kuwatazama waganga kwa jicho jingine. Mwaka 1974 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, na mwaka 1991 kikapanda kuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likazaliwa baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwaka 2003 ikaja Sera ya Taifa ya Wazee. Kwa hiyo kwenye karatasi mambo yalikuwa yanakwenda vizuri: mganga anasajiliwa, mzee anakumbukwa. Kwenye karatasi.

Ndipo ukaja mwaka 2011. Nadhani hakuna Mtanzania aliyesahau, hata mwenye ugonjwa wa kusahau. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa anagawa kikombe kijijini Samunge kwa shilingi 500. Mti wenyewe ni mugariga, aina ya mtandamboo. Ukimwi, kisukari, presha, saratani, pumu, vyote kikombe kimoja. Na sisi watu wa Kanda ya Ziwa njia yetu ilipita wapi? Mugumu, kisha kukatisha Serengeti kuelekea Loliondo. Mji mdogo ambao wageni wake walikuwa watalii na wafanyabiashara wa ng'ombe ukaona misafara ya magari yenye wagonjwa. Wazee walibebwa kwenye viti vya nyuma vya magari madogo na kwenye makarandinga ya mizigo. Mawaziri walikunywa. Wabunge walikunywa. Maprofesa walikunywa. Foleni Samunge ikafika kilometa nyingi, na mwishoni mwa Machi 2011 vyombo vya habari viliripoti kwamba watu zaidi ya 50 walikuwa wamekufa wakisubiri.

Wengi wanasimulia Loliondo kama kichekesho. Mimi naiona kama kura ya maoni. Mamilioni ya watu walisema kwa miguu yao kwamba hospitali haijawajibu. Na mzee wa miaka 75 mwenye presha alikuwa miongoni mwao, labda mstari wa mbele. Akanywa, akarudi kijijini, akaweka vidonge vyake vya presha juu ya kabati, akasubiri kupona. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Vidonge vingine naamini viko juu ya kabati mpaka leo.

Kikombe kilipopoa, chupa ikachukua nafasi. Na hapa inabidi tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya virutubisho iliyosema, kwa lugha rahisi, kwamba mwenye kiwanda halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza, alimradi asidai kwamba inatibu ugonjwa. Soma hapo tena. Hawezi kuandika "inatibu ugonjwa wa kusahau". Anaandika "inasaidia kumbukumbu". Neno moja tu, na soko la mabilioni ya dola likajengwa juu yake. Neno hilo hilo likatafsiriwa, likapanda meli, likafika Kariakoo, na likifika Lamadi ndani ya basi linakuwa limegeuka tena kuwa "inatibu", maana kule hakuna mwanasheria.

Je, zinafanya kazi? Tusiwe wavivu, twende kwenye utafiti. Kwanza, mimea si upuuzi. Galantamini, dawa inayotumika hospitalini kwa ugonjwa wa Alzheimer, chanzo chake ni ua dogo jeupe la Ulaya, na Marekani iliikubali mwaka 2001. Reserpini ilitolewa kwenye mzizi wa India uitwao Rauvolfia, wenye ndugu yake hapa hapa Afrika, na katika miaka ya 1950 ilikuwa dawa ya presha na ya wagonjwa wa akili. Lakini madaktari wa wakati ule waliripoti kwamba baadhi ya waliomeza wakaingia kwenye sonona, huzuni nzito isiyoisha. Kwa hiyo mti unaweza kugusa akili ya mtu kweli kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuuogopa kidogo.

Sasa ginkgo yenyewe, mfalme wa chupa. Marekani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka mwaka 2008. Wazee 3,069, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea. Nusu walipewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Walifuatiliwa wastani wa miaka 6. Waliopata dimensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha, kwenye kundi la ginkgo walikuwa 277. Kwenye kundi la kidonge kitupu walikuwa 246. Ginkgo haikuzuia kitu. Wafaransa nao wakajaribu kwa wazee 2,854, wakatoa matokeo mwaka 2012, hadithi ile ile. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kupunguza hatari ya dimensia, lilisema wazi kwamba vitamini B, vitamini E na virutubisho vya mchanganyiko visipendekezwe kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa hisia kuna mmea wa Ulaya uitwao wort wa Mtakatifu Yohana. Huu una ushahidi: mapitio ya mwaka 2008 yaliyojumlisha majaribio 29 yaliona unasaidia watu wenye sonona. Lakini subiri kabla hujachomoa pochi. Mwaka 2000 watafiti waligundua kwamba ukimezwa pamoja na indinaviri, moja ya dawa za ARV za wakati ule, kiwango cha dawa hiyo mwilini kinashuka kwa zaidi ya nusu. Baadhi ya ARV nyingine nazo unazipunguza nguvu. Fikiria mama wa miaka 62 kule Nyamongo anayemeza ARV zake kwa uaminifu mwaka wa kumi na tano sasa, halafu mwanawe anamtumia chupa ya "kuondoa mawazo". Hakuna daktari aliyeulizwa. Kijana wa kwenye basi hakuulizwa. Mama mwenyewe hasemi kliniki, maana hiyo siyo dawa, ni zawadi ya mtoto.

Sasa tuje nyumbani. Utafiti mzuri wa dimensia nchini mwetu ulifanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013. Watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa. Ilionekana kwamba 6.4 katika kila 100 wana dimensia. Kwa hiyo lile neno kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu lifutwe. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Hai ukasema kwamba karibu wazee 70 katika kila 100 walikuwa na presha ya juu. Unganisha hizo mbili. Presha ndiyo inayopasua na kuziba mishipa ya ubongo, na iko kwenye orodha ya mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet liliyataja mwaka 2024 kuwa yanachangia dimensia na yanaweza kushughulikiwa. Wengine kwenye orodha ni kisukari, uziwi, macho kutoona, pombe kupita kiasi, sonona, na... upweke. Ndiyo, kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Hapo hapo Hai watafiti walijaribu kitu kingine, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wazee 34 wenye dimensia ya hatua za mwanzo na za kati walikusanywa kwenye vikundi, vikao 14 kwa wiki 7. Hawakupewa kidonge. Walikaa, wakazungumza, wakafanya mazoezi mepesi ya akili. Uwezo wao wa kufikiri ulipanda, na wasiwasi ukapungua. Ni jaribio dogo, wazee 34 si 3,069, kwa hiyo tusilipigie vigelegele vya harusi. Lakini niliposoma nilisimama nikacheka peke yangu. Wazee wamekaa pamoja wanazungumza na kukumbushana? Kurya anaita iritongo.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akisema mababu walijua kila kitu. Hawakujua. Mzee mwanaume aliyesahau aliweza kubaki na kiti chake barazani. Kikongwe mwanamke aliyesahau, anayezungumza peke yake, anayetangatanga usiku, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka 50 jikoni, huyo mara nyingi aliitwa jina jingine. Kanda yetu ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, imezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu mganga alinyoosha kidole. Dalili walizouawa kwazo ukizisoma taratibu unaziona kwenye kitabu cha daktari, ukurasa wa dimensia. Hii ndiyo sababu naona jambo hili si la afya peke yake. Neno la ugonjwa likikosekana kijijini, neno la uchawi lipo tayari linasubiri.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kumpa konda kifurushi Ijumaa hii, mimi sikukatazi kumpenda mzee wako. Nakuuliza tu hesabu. Bei ya chupa hiyo ni nauli yako ya kwenda nyumbani. Ukifika mpeleke kituo cha afya apimwe presha na sukari, mwulize daktari kuhusu masikio na macho, na uangalie juu ya kabati kuna vidonge gani vimelala. Akikuonyesha mzizi anaochemsha usimcheke, uchukue jina lake umwambie daktari nao. Wambie majirani kwamba anaumwa, na ugonjwa wenyewe una jina.

Halafu jioni keti naye nje. Mwulize babu yake alikuwa wa kizazi gani, na kabla ya hapo nani, na boma lilikuwa upande gani wa kilima. Akichanganya Abagini na Abanyangi mwache aendelee. Usimkatishe.